Jina la Faili ni ═╝╓╜.dwg

Ukipanda ngazi za majengo ya stendi ya Ruiru, au ukiingia vichochoro vya Makongeni kule Thika, hutakosa mtu ameketi mbele ya kompyuta akikodolea macho faili yenye jina la aina hii: ═╝╓╜.dwg. Imetoka China, imefika kabla ya mashine yenyewe. Ndani kuna michoro: msingi uchimbwe kiasi gani, bolti ziingie wapi, bamba la chuma liwe na unene upi. Nje kuna vipande vya mistari kama geti lililogongwa na lori. Wengi hudhani ni virusi. Si virusi. Ni historia, na ukiijua unaweza kuisoma.

Mtumaji aliandika 图纸, yaani mchoro wa kiufundi. Sasa, kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, kisha hutazama jedwali kujua namba fulani ni herufi gani. Katika jedwali la Kichina, GB 2312, lililotolewa mwaka 1980 likiwa na herufi 6,763 za Kichina, maneno hayo mawili ni CD BC na D6 BD, kwa jinsi watu wa kompyuta wanavyoandika namba zao. Namba hizo zilifika Ruiru salama salmini. Kilichobadilika ni jedwali. Programu ya kufungua zip ilishika jedwali ambalo IBM iliweka kwenye kompyuta yake ya 1981, na humo CD ni mistari miwili iliyolala, BC ni kona, vitu vya kuchorea masanduku kwenye skrini. Kompyuta ilisoma sawasawa kabisa, ila ilisoma kitabu kingine.

Utauliza, mbona mashine ya juzi itumie jedwali la 1981? Kwa sababu zip ilipotoka mwaka 1989, kazi ya Mmarekani Phil Katz, haikuwa na mahali pa kutaja jina la faili limeandikwa kwa jedwali gani. Mahali hapo pa kuonyesha kwamba jina ni la Unicode paliongezwa 2006, na hadi leo kuna programu zinazofunga faili kana kwamba 2006 haijafika.

Wajapani wana neno moja la balaa hili: mojibake. Moji ni herufi, na bake inatokana na kitenzi cha kugeuka umbo, kile kile wanachokitumia kwa mazimwi. Wao walitoa jedwali lao mwaka 1978, na wakawa na majedwali kadhaa yaliyogombana, kwa hivyo walipata jina mapema kuliko sisi. Na Japani haiko mbali na stori hii. Katikati ya Ruiru na Thika, pale Juja, kuna JKUAT, chuo kilichoanza 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani. Mimi chuo nilikiacha njiani, haya sikufundishwa darasani, lakini barabara hii yenyewe ni darasa. Reli ilifika Thika 1913 kwa michoro ya Kiingereza, vipimo vyake futi na inchi. Barabara kuu ya Thika ilijengwa na kampuni tatu za China, China Wuyi, Sinohydro na Shengli, kila moja na kipande chake, na Rais Kibaki akaifungua Novemba 2012. Kila kizazi hapa kimejenga kwa karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine.

Usidhani ni Kichina tu kinachoumia. Jedwali mama, ASCII, lilitoka Marekani mwaka 1963 na lina nafasi 128 tu: Kiingereza, namba, alama chache, basi. Kiswahili kiliponea humo kwa sababu tahajia yake ya Kilatini haihitaji chochote cha ziada juu ya herufi. Mbona hata kingekuwa bado kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama washairi wa Lamu na Mombasa walivyokiandika karne nzima, kingekuwa kwenye foleni moja na Kichina. Na hatukupona kabisa. Andika ng’ombe kwa ile alama iliyopinda, isomwe kwa jedwali lisilo lake, na utapata ngâ€™ombe. Mnyama huyo hauziki Dagoretti.

Ila walioachwa nje waziwazi ni wenyeji wa hapa hapa. Jedwali la Ulaya Magharibi la 1987 lina ã, ñ na õ, kwa ajili ya Wareno na Wahispania. Halina ĩ wala ũ. Yaani kile kikofia kipo, lakini si juu ya herufi ambazo Mgĩkũyũ anazihitaji. Ngũgĩ akisomwa vibaya anakuwa NgÅ©gÄ©. Mwaka 1980, ule ule ambao China ilitoa jedwali lake, Ngũgĩ alichapisha riwaya yake ya kwanza ya Kigĩkũyũ, aliyoiandika kwa mkono akiwa gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, kwenye karatasi ya chooni. Karatasi ile ilikubali kila ũ bila kuuliza jedwali. Kompyuta zilingoja Unicode, toleo la kwanza 1991, na mji wenyewe bado twauandika Ruiru, si Rũirũ.

Turudi kwa fundi wetu, maana hapa ndipo pesa inapotea. Jina likiwa takataka kama ═╝╓╜, shukuru. Takataka inarudishwa: iambie programu itumie jedwali namba 936, 7-Zip na Bandizip zinaweza, na 图纸 linatokea. Hatari ni pale programu inapokata tamaa. Windows hairuhusu alama ya kuuliza kwenye jina la faili, basi nyingine huweka mistari ya chini, __.dwg, na faili mbili tofauti zikipata jina moja, ya pili inaifuta ya kwanza ukibonyeza ndiyo kwa haraka. Kubadilisha jina kwa mkono nako si dawa. Mchoro mkubwa huita michoro midogo kwa majina yao. Ukiiita “mashine1” na “mashine2”, mkubwa unafunguka ukiwa na mapengo.

Ukishaufungua, utakutana na ???? ndani ya mchoro. AutoCAD ilianza 1982, na ni kuanzia muundo wa 2007 ambapo DWG inaandika maneno yake kwa Unicode. Mara nyingi ???? hizo ni ukosefu wa fonti tu: chagua gbcbig.shx, inayokuja na AutoCAD yenyewe, na Kichina kinarudi. Lakini kama kuna mtu njiani aliuhifadhi mchoro kwa jedwali lisilo na Kichina, alama ya kuuliza sasa ndiyo maandishi yenyewe. Hakuna cha kurudisha.

Na kuna kitu kimoja kisichoharibika kamwe: tarakimu. Majedwali yote haya yalirithi 0 hadi 9 mahali pale pale zilipowekwa 1963. Kwa hivyo fundi anaona ???? 12 ????, anaona 12 vizuri kabisa, na anaanza kazi. Kumi na mbili za nini? Unene wa bamba? Idadi ya bolti? Ama ni kipimo ambacho maneno ya pembeni yanasema kisipitishwe? Mashine ya tani kadhaa inaweza kusimama juu ya jibu la kukisia.

Ndiyo maana wengine siku hizi humwomba muuzaji aongeze PDF, ambayo herufi zake zimeshonewa ndani ya faili. Inafunguka bila shida, hata kwa simu, na Kichina chake ni safi. Unakipiga picha, simu inakitafsiri nusunusu. Halafu unarudi kwenye ile ═╝╓╜.dwg, kwa sababu mashine ya kukata chuma haili PDF.