Kelele za Feni Zilitoka Wapi?

Swali ninaloulizwa sana na wenye kompyuta za mezani ni hili: "Mashine yangu inavuma kama ndege, ninunue feni gani?" Swali zuri, lakini jibu lake halianzii dukani. Kelele hizi zina historia, na ukiijua utaokoa pesa zako.

Turudi nyuma hadi 1977. Apple II iliyotoka mwaka huo haikuwa na feni hata moja. Steve Jobs hakupenda kelele, kwa hivyo mhandisi Rod Holt akaunda pawasaplai ya aina nyingine. Badala ya kutegemea transfoma kubwa yenye joto jingi, yake iliuwasha na kuuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Joto likapungua, na feni ikakosa kazi.

Mwaka 1980 ikaja Apple III, nayo bila feni. Safari hii mambo yaliharibika. Mashine ilipata moto, chipu zikalegea kwenye vishikio vyake, na kuna wateja walioshauriwa waiinue kidogo juu ya meza kisha waiachie idondoke, ili chipu zikae sawa! Hapo ndipo somo la kwanza lilipopatikana: ukiondoa feni bila kuondoa joto, umeahirisha tatizo tu. Macintosh ya 1984 pia haikuwa na feni. Jobs aliondoka Apple 1985, na Macintosh SE ya 1987 ikawekewa moja.

Upande wa IBM hawakubishana na joto. PC yao ya 1981 ilikuwa na feni ndani ya pawasaplai. Lakini prosesa yake, Intel 8088 ya megahezi 4.77, ilikaa wazi kabisa, bila feni na bila bamba la alumini juu yake.

Hali ilibadilika na Pentium ya 1993. Ile ya kwanza ilitumia volti 5 na kula takriban wati 15. Ni kama balbu ndogo, ila joto lote limebanwa kwenye kipande kidogo cha silikoni. Feni ndogo juu ya prosesa ikawa jambo la kawaida.

Hapa tusimame kidogo tuone hesabu. Feni ikizunguka mara mbili kwa kasi, inasukuma hewa mara mbili, lakini inahitaji nguvu mara nane na kelele hupanda kwa kama desibeli 15. Sikio letu huhesabu kila desibeli 10 kuwa kelele maradufu. Ndiyo maana feni ndogo inayokimbia hupiga kelele kuliko feni kubwa inayotembea polepole, hata kama hewa inayopita ni ileile.

Miaka ya 2000 ilikuwa mbio za megahezi, na masikio yetu ndiyo yaliyolipa. Power Mac G4 ya 2002 ilipewa jina la utani la handaki la upepo. Mwaka 2003 kadi ya GeForce FX 5800 Ultra ilivuma hadi NVIDIA wenyewe wakatengeneza video ya kuichekesha. Mwaka 2004 Intel wakatoa Pentium 4 ya aina ya Prescott iliyofika wati 115. Huku kwetu Pentium 4 tulizijua vizuri, maana zilipochakaa kwenye ofisi za ng'ambo nyingi zililetwa huku zikauzwa kama mitumba. Ukiingia saiba yenye mashine kumi za namna hiyo, ulilazimika kuongea kwa sauti.

Watu wakaanza kujitafutia dawa. Mwaka 2002 Mike Chin wa Canada alianzisha tovuti ya Silent PC Review, iliyopima kelele kwa makini. Mafundi wa nyumbani waliunganisha feni ya volti 12 kati ya waya wa 12 na waya wa 5, ikapata 7 na kutulia. Feni za milimita 80 zikaachia nafasi zile za 120. Kisha zikaja feni za waya nne, ambazo ubao mama huzipunguzia kasi kwa mapigo ya kilohezi 25, juu ya uwezo wa sikio la binadamu.

Lakini nafuu kubwa haikuletwa na feni. Mei 2004 Intel waliifuta Tejas, prosesa iliyokusudiwa kurithi Prescott. Julai 2006 wakatoa Core 2 Duo, nyingi zikiwa za wati 65. Megahezi zilipungua, kazi ikaongezeka, na ofisi zikanyamaza.

Je, vita vimekwisha? La. Core i9-13900K ya 2022 inaweza kuvuta wati 253, na kadi ya RTX 4090 ya mwaka huohuo wati 450. Mbio zimerudi, ila sasa makasha yana feni pana zinazozunguka taratibu.

Sasa basi, kabla ya kununua feni, fungua lile kasha ambalo wengi wetu huliita CPU. Toa vumbi kwenye mapezi ya alumini. Badilisha grisi ya joto kama imekauka. Halafu angalia ni programu gani inayoila prosesa. Sisi waandishi wa programu pia tumo: kitanzi kinachozunguka bure, kikiuliza "tayari? tayari?" bila kupumzika, ni joto, na joto ni kelele. Wakati mwingine mstari mmoja wa msimbo hunyamazisha mashine kuliko feni mpya.

Na ikivuma bado, usiichomoe feni. Kumbuka Apple III.