Karakana ya Chapa ya Vuga

Kabla Vuga haijajulikana kwa vitabu, ilijulikana kwa wafalme. Ilikuwa makao ya Wakilindi, na mwaka 1848, na tena mwaka 1852, mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda milima ya Usambara kumwona Kimweri ye Nyumbai. Karibu miaka 40 ilipita ndipo wamisionari wa Kijerumani, ambao chama chao baadaye kiliitwa Misioni ya Betheli, walipoanza kazi Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895. Wakilindi wenyewe waliandikiwa habari zao na Abdallah bin Hemedi, nazo zikapigwa chapa na Waanglikana wa Magila, huko Bonde. Milimani chapa ilikuwa bado.

Kuweka karakana ya namna hiyo mahali kama Vuga haikuwa kazi nyepesi. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Kutoka hapo kila bunda la karatasi lilipaswa kupandishwa kupitia Soni. Karatasi huvuta unyevu na kubadilika kipimo, na ukungu wa masika hausubiri mlango ufungwe.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa mkono. Mpangaji aliokota herufi za risasi moja moja kutoka katika visanduku vyake, nazo zimegeuzwa kama zionekanavyo katika kioo, akazipanga mstari kwa mstari. Ukurasa ulikazwa katika fremu, ukapakwa wino, ukajaribiwa na kusahihishwa. Kiswahili kina tatizo lake hapo: herufi zilizopimwa kwa mahitaji ya Kijerumani huwa na e na n kwa wingi, lakini Kiswahili hula a na k bila huruma. Neno “wakapanda” lina herufi 9, na 4 kati ya hizo ni a. Kwa hiyo kurasa chache zikichapwa, herufi zilirudishwa visandukuni ndipo zile zinazofuata zipangwe. Mpangaji asiyejua lugha vizuri angeweza kuharibu ubeti mzima wa wimbo kwa herufi moja, na usharika ungeuimba hivyo hivyo.

Lugha gani ichapwe, hilo lilikuwa jambo zito kuliko mashine. Mwanzoni kanisa na shule zilitegemea sana Kishambaa, na Karl Roehl, mmisionari wa Betheli, alitoa sarufi ya lugha hiyo mwaka 1911. Baadaye Roehl huyo huyo aligeukia Kiswahili. Akisaidiwa na Andrea Ndekeja na Martin Nganisya, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, akiepuka kadiri alivyoweza maneno yenye asili ya Kiarabu. Biblia hiyo ilichapwa Stuttgart. Vuga ilibaki na vitabu vya kawaida vya kanisa na shule, ambavyo hushikwa kila siku mpaka vikachakaa. Kwa kuchapa Kiswahili, karakana ya mlimani ilipata wasomaji ambao hawakujua neno la Kishambaa.

Mara mbili vita viliwaondoa Wajerumani. Baada ya vita vya kwanza walifukuzwa, wakaruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 waliwekwa kizuizini, na Walutheri wa Marekani wa Augustana wakasaidia kuangalia misioni zilizoachwa. Walimu, wainjilisti na wazee wa sharika hawakuwa na pa kuondoka. Ujuzi wa kusoma herufi zilizogeuzwa nao haukuwa mali ya mgeni tu.

Vitabu vya zamani vimeandikwa “Vuga Mission Press”. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, na katika vitabu vya baadaye neno “Mission” halimo tena. Husomeka “Vuga Press, Soni”. Herufi za risasi zikichakaa huyeyushwa na kumiminwa upya, kwa hiyo karakana ya chapa haihifadhi alama nyingi za kazi yake. Za Vuga zimo sehemu ya chini ya ukurasa wa kwanza wa vitabu hivyo, kwa maandishi madogo.