Video za Muziki na Mkono wa Mpigaji

Wajukuu wetu hapa Minneapolis na Saint Paul huuona wimbo kabla ya kuusikia. Sisi tuliusikia kwanza redioni, tukaja kuuona baadaye. Napenda kueleza jinsi picha za muziki zilivyobadilika, na kitu kimoja kilichopotea njiani.

Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, nami nikiwa mwanafunzi. Ilipoonyesha taarab, kamera ilitulia mbele ya jukwaa. Wapigaji walikaa safu kwa safu na fidla zao, udi, kanuni, nai na akodiani. Mwimbaji alisimama wima, wala hachezi. Ndivyo taarab ilivyokuwa ukumbini, nayo ni desturi ya zamani: kikundi cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905. Mtoto aliyetazama alijua sauti ipi yatoka katika chombo kipi.

Huku Marekani, MTV ilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1981. Video ikawa tangazo la kuuzia santuri, na kila kampuni ikataka yake ivutie zaidi. "Thriller" ya Michael Jackson, ya mwaka 1983, ilikuwa hadithi kamili ya dakika zipatazo 14. Mwaka 1984 ikawa zamu ya mji wetu. Prince, mzaliwa wa Minneapolis, alitoa filamu ya Purple Rain, na ukumbi wa First Avenue, ambao zamani ulikuwa kituo cha mabasi ya Greyhound, ukajulikana duniani. Video yake ya "When Doves Cry" huanzia bafuni; hapana shaka wazee wengi wa kwetu wangeizima! Lakini katika wimbo wa "Purple Rain" twaona kundi zima, magitaa na vinanda. Hadithi ilikuwa haijawafukuza wapigaji.

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994, na bongo fleva ikakua pamoja nayo. Midundo yake aghalabu hutengenezwa kwa kompyuta, basi mpiga picha hana bendi ya kuonyesha. Nafasi hiyo ikajazwa na wachezaji, mavazi, magari na majumba. YouTube ilipoanza mwaka 2005, video haikungoja tena ratiba ya kituo. Taarab ya kisasa nayo ikafuata: kinanda kimoja cha umeme hushika kazi ya vyombo vingi, na mwimbaji hucheza.

Sisemi vijana wamepotea. Nyimbo za akina Diamond Platnumz zimewafanya watoto waliozaliwa kwenye theluji waimbe Kiswahili, kazi ambayo sisi walimu peke yetu tusingeiweza. Ila watoto hao wanazijua nguo za mwimbaji, kanuni hawaijui.

Kwa hiyo nina ombi. Katika arusi zetu simu zote humwelekea bibi arusi na mwimbaji, na kila mmoja huondoka na vipande vya nusu dakika. Mmoja wetu na aiweke simu yake mezani, mbele ya wapigaji, aiache itulie wimbo mzima, mikono yao ionekane. Kisha aandike majina yao, mahali na mwaka, na kila nyumba ipate nakala. Baadhi ya wapigaji hao ni watu wa makamo kama mimi, na wanafunzi hawana.