Skrini nyeusi na mlango wa 1974

Vijana wa mtaani kwetu Hamugembe wananiuliza, eti ile skrini nyeusi ya kuandika amri ni ya mabingwa tu? Hapana bwana.

Unix ilipata kipokea-amri chake cha kwanza 1971, kazi ya Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani. 1979 kikaja cha Stephen Bourne, kizuri kwa kupanga amri nyingi kwenye faili moja, ndiyo skripti yenyewe. 1989 Brian Fox akatoa Bash, ya bure.

Na sisi je? Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha 1965. Halafu 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini! Wenzetu wanajenga, sisi mlango umefungwa. Ila 2004 wana wa Mlimani, kwenye mradi wa Kilinux, wakatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Leo hakuna wa kumwomba ruhusa. Kwenye Linux andika faili salamu.sh lenye mstari mmoja:

echo "Habari za Hamugembe"

Halafu: bash salamu.sh. Ukikwama, andika man bash. Maelezo yamo humo humo, hata bando likiisha. Haya, kazi kwenu!