Yale wazazi wetu walitusimulia, na yale waliyoyaruka



Hapa Baraka, mkutano wa mutualite ukishaisha na michango ikishahesabiwa, watu hawaondoki. Wanabaki kwenye viti wakikumbuka. Mmoja anasema, "Wakati wa Mobutu, zaire moja ilikuwa dola mbili!" Na ni kweli, pesa ile ilipotoka mwaka 1967 ndiyo ilikuwa bei yake. Mwingine anajibu kwamba zamani mikebuka haikuuzwa kwa kuhesabu, jirani alipewa tu. Sisi wenye miaka thelathini na kitu tunacheka kidogo, tunaaga, tunapanda pikipiki zetu. Tunasema: wazee wanaota.

Safari hii tumeombwa kuandika juu ya kumbukumbu hizo. Tunaandika kama kizazi cha waliokulia kambini, na pia kama watoto wa nyumba moja, kwa sababu yaliyotupata nyumbani ndiyo yalitufundisha kuzisikiliza kwa sikio lingine.

Sisi tulizaliwa karibu na ziwa, mwisho wa miaka ya 80, inchi ikiitwa Zaire. Tunayoyakumbuka wenyewe ya wakati ule ni machache. Tunakumbuka sombe ya mama na harufu ya ndagala wanaoanikwa. Tunakumbuka pesa. Mwezi wa Oktoba 1993 serikali ilitoa zaire mpya, na moja ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Baba alikuwa mwalimu, na alikuwa amefungia kibunda cha noti ndani ya sanduku, akiba ya mabati ya nyumba. Tulipewa zile noti tucheze duka. Tulinunuliana majani ya muhogo kwa mamilioni. Tulikuwaka matajiri wakubwa siku zile. Mama hakucheka hata mara moja, na sisi hatukujua kwa nini.

Kisha ikafika Oktoba 1996. Uvira ilianguka, vita vikashuka kando ya ziwa kuja kwetu, na watu wa Fizi wakaanza kuvuka. Tulivuka usiku ndani ya mtumbwi mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma malori yakatupandisha Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo. Tuliingia hapo watoto wadogo, tukatoka na ndevu.

Maisha ya kambini wengi wenu mnayajua. Wiki mbili zilihesabiwa kwa mgao wa PAM: unga, maharagwe, mafuta, chumvi. Sheria ya Tanzania ilikataa mkimbizi apite kilometa 4 kutoka kambini bila ruhusa. Lakini shule ilikuwako, na walimu wetu, baba akiwa mmoja wao, walishikilia programu ya Kongo kwa Kifaransa. Kwa hiyo tulijua majina ya mito na majimbo ya inchi ambayo wengi wetu hatukuikumbuka sura. Kasulu ni milimani, ziwa halionekani. Sisi ni watoto wa ziwa tuliokua bila ziwa. Baba alichora samaki kwa kijiti katika vumbi na kutuuliza mmoja mmoja: huyu ni kuhe, ao mukebuka? Tulijibu sawasawa, wakati wengine wetu hawakuwahi kuona kuhe mzima maishani.

Jioni, bugali ikishaliwa, baba alianza Zaire yake. Wakati huo tuliipenda kuliko redio. Alitusimulia jinsi mwaka 1971 inchi ilibadilishwa jina akiwa mvulana wa shule, na jinsi baadaye majina ya Kizungu yalikatazwa, yeye akachagua jina la babu yake. Alitusimulia salongo, watu wote nje kufyeka na kufagia, mji unang'aa. Mama alikuwa akisonga mbele ya moto na kuongeza, "Uling'aa juu ukikosa salongo unafungwa." Alitusimulia Leopards kwenda Ujerumani, Kombe la Dunia la 1974, timu ya kwanza ya Waafrika weusi kufika huko. Hakutusimulia kwamba Yugoslavia iliwafunga 9 kwa 0. Hilo tuliambiwa shuleni na mtoto wa kijiji kingine cha kambi, tukapigana naye, tukarudi nyumbani kuuliza. Baba alinyamaza kisha akasema, "Lakini walienda."

Mwishoni mwa kila jioni alisoma shamba. Hatuna neno lingine. Alianza ufukweni akapanda kuelekea mlima: kwanza mwembe tatu, kisha jiwe jeupe, kisha kijito, na kila hatua jina la jirani wa kushoto na la jirani wa kulia. Alitaka tuyarudie. Tulisinzia tukiyarudia. Kwetu ulikuwa wimbo wa kulalia tu, na tulidhani hata kwake ulikuwa hivyo: mtu anayekumbuka kwao.

Baba alifariki kambini mwaka 2003. Meli za kwanza za HCR zilianza kurudisha watu kutoka Kigoma kuja Baraka mwezi wa Oktoba 2005. Sisi tulipanda Mwongozo mwaka 2007, pamoja na mama. Hatukuwa na karatasi hata moja ya ardhi.

Kufika, tulikuta shamba limelimwa na watu wengine. Waliobaki walituita "Batanzania" kwa sababu ya Kiswahili chetu cha kambini. Shefu wa kijiji hakutufukuza. Alituketisha mbele ya wazee, akauliza swali moja tu: "Jirani wenu wa juu ni nani?" Kaka yetu mkubwa alifumba macho akaanza ule wimbo. Mwembe, jiwe, kijito, na majina yote, kushoto na kulia, mpaka mwisho. Wazee walitazamana. Wawili kati ya wale majirani walikuwa wamekufa kabla sisi hatujazaliwa. Mtu anayetunga uongo hawezi kuyajua majina hayo. Tulirudishiwa shamba siku ileile, na waliokuwa wakililima, nao wakimbizi wa vita vilevile kutoka kijiji kingine, walipewa muda wa kuvuna mihogo yao kwanza.

Kama habari ingeishia hapo, tungeandika kwamba kumbukumbu za wazee ni hazina, basi. Lakini kuna ukanda wa michikichi upande wa kijito. Kwa wimbo wa baba, ukanda ule ulikuwa ndani ya shamba letu. Jamaa ya jirani wa juu ilikuwa ikiuvuna, nao wakasema ni wao. Sisi tulisema, "Baba alitutajia mpaka, mpaka ni kijito." Wao walisema, "Baba yenu alijua." Tuligombana karibu miaka miwili. Tulienda kwa shefu, tukaenda mbele zaidi, tukatoa mbuzi, wao wakatoa mbuzi. Watoto wa nyumba mbili walipigana njiani kwenda kuchota maji. Mvulana mmoja wa kwao alivunjwa mkono. Aliyemvunja ni wa kwetu.

Ndipo alitumwa mtu kumleta mama mzee mmoja aliyeolewa mbali, kusini, upande wa Kazimia. Aliletwa kwa mtumbwi. Alikaa chini ya miembe yetu, akatutazama nyuso, akasema:

"Batoto, baba yenu hakubaambia? Mwaka wa mulele mimi ndiye nilimubeba ku mugongo. Alikuwa na homa, hakuweza kutembea."

Akatueleza. Mwaka 1964 uasi ulipofika kwetu, na 1965 jeshi la serikali liliporudi na mamluki wake, watu wa kando ya ziwa walikimbilia porini, milimani. Babu yetu alikuwa mgonjwa wa mguu. Jirani wa juu ndiye aliyeitoa jamaa yetu nzima, akaificha na kuilisha miezi mingi. Dada yake, ndiye huyo mama mzee, alimbeba baba yetu, mtoto wa miaka sita ao saba. Waliporudi, babu alimpa jirani ule ukanda mbele ya wazee wa lubunga, na mwaka uleule michikichi ikapandwa kuwa alama. "Kama ni uongo," alisema, "hesabuni hiyo miti ina umri gani."

Hatukuhitaji kuhesabu. Tuliona mara moja tundu lililokuwa katika hadithi za baba. Kila jioni alianza na shule na jina jipya la inchi. Mulele hakuwahi kuigusa. Habari za Che Guevara kuvuka kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965 kuja kwenye milima yetu ya Fizi, na kuondoka Novemba bila ushindi, tulizisoma chuoni Bukavu kwenye kitabu. Baba yetu aliishi milimani humo mwaka huohuo akiwa mtoto mwenye homa, na hakutuambia neno. Hatumlaumu. Aliturukisha vile mtu anavyomwinua mtoto juu ya dimbwi. Lakini ndani ya dimbwi lile lilikuwamo deni la shukrani, na sisi tulilikanyaga bila kujua. Tuliomba msamaha. Gharama za mkono wa yule mvulana tulizilipa. Mama mzee alirudi kwao na kitenge, na mwaka uliofuata tulisikia amefariki. Kama angefariki mwaka mmoja mbele, tungekuwa tunagombana hata leo, tukiwa na uhakika kabisa kwamba ni sisi wenye haki.

Kazi yetu leo ni kutembea vijijini kusikiliza kesi za ardhi za waliorudi. Kesi ile ya kwetu tunaiona kila mwezi, kwa sura nyingine. Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. Moja imeshika nusu tamu, nyingine nusu iliyorukwa.

Na sasa ni zamu yetu. Watoto wetu waliozaliwa Baraka wanatuuliza, Nyarugusu ilikuwa namna gani? Tumejisikia wenyewe tukijibu. Tunawaambia mpira wa mifuko ya plastiki, nyimbo za kwaya, marafiki wa vijiji vyote. Hatuwaambii mgao ulipopunguzwa. Hatuwaambii yaliyowapata mama na dada zetu walipokwenda kutafuta kuni. Wala hatuwaambii Mtanzania wa kijiji cha jirani aliyetupa mihogo bila kulipwa, kwa sababu ukimtaja huyo lazima utaje na njaa. Hapo Lusenda, tangu 2015, wako watoto wa Burundi wanaosikia jioni hadithi za kwao kama sisi tulivyosikia za kwetu. Wazazi wetu waliwaona Warundi wakikimbilia upande huu tangu 1972. Ziwa ni moja, na kila upande una deni kwa mwingine. Tukihadithia tamu peke yake, watoto wetu hawatajua wanadaiwa na nani.

Kwa hiyo tunaleta ombi kwa wanachama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jamaa ilete kaye moja. Mketishe mzee wenu, mwacheni aanze na zaire moja dola mbili, msimkatize. Kisha mumuulize mambo matatu: Majirani wa shamba walikuwa nani, kila upande? Mwaka wa mulele na mwaka 1996 mlijificha wapi? Na ni nani aliwasaidia, naye alipewa nini? Akinyamaza kwa swali la pili, mwacheni apumzike, mrudi siku nyingine. Mtu asilazimishwe.

Na kwa ninyi wafadhili: kwa hili hatuombi jengo. Tunaomba makaye, kalamu, na mafuta ya pikipiki na ya mtumbwi ya kutufikisha kwa wazee wa Sebele, Mboko na Kazimia. Mama mzee wetu aliletwa kwa mtumbwi, na alifika kwa wakati. Wengine hawatangoja.