Farakano la Wadonato: Ubatizo ni wa Nani?

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni rahisi kudhani kwamba Kanisa la mwanzo liliishi katika umoja usio na doa, na kwamba mafarakano ni ugonjwa wa siku zetu. Historia haituruhusu kudhani hivyo. Makala hii yaeleza farakano lililotokea katika bara letu la Afrika, katika nchi ziitwazo leo Tunisia na Algeria, likadumu zaidi ya miaka mia moja. Swali lake bado laulizwa milangoni mwetu: je, Ubatizo uliotolewa na mtumishi asiyestahili ni Ubatizo kweli?

Mwezi Februari mwaka 303 Kaisari Diocletian aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko Matakatifu yachomwe moto. Katika mji wa Cirta, tarehe 19 Mei mwaka huo, maofisa wa serikali waliingia katika nyumba ya ibada, wakaandika orodha ya walivyovikuta: vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, taa, kanzu 82 za wanawake na jozi 47 za viatu vyao. Vitabu vilikuwa vimefichwa nyumbani mwa wasomaji. Watumishi walipobanwa, nyumba hizo zikatajwa na vitabu vikatolewa. Huko Karthago, Askofu Mensurius alitumia hila, akaacha vitabu vya wazushi vichukuliwe mahali pa Maandiko. Wakristo wengine walikataa katakata, wakafa mashahidi.

Dhuluma ilipokoma, jeraha lilibaki. Wale waliokabidhi Maandiko waliitwa wasaliti. Mensurius alipofariki, karibu na mwaka 311, shemasi wake mkuu Caecilian alichaguliwa kushika nafasi yake, akawekwa wakfu upesi pasipo kuwangoja maaskofu wa jimbo la Numidia. Maaskofu hao wapatao 70 walikutana, wakatangaza kwamba uaskofu wake ni batili, kwa sababu Felix wa Aptunga aliyemwekea mikono alikuwa msaliti. Wakamweka Majorinus badala yake, na baada yake Donatus, ambaye kundi hilo likachukua jina lake.

Yako na mengine yaliyochochea moto. Caecilian alipokuwa shemasi alimkemea mama mmoja tajiri, Lucilla, kwa desturi yake ya kubusu mfupa wa shahidi kabla ya kupokea Chakula cha Bwana. Majorinus alitoka nyumbani mwa mama huyo. Hivyo kinyongo cha mtu kilivikwa joho la imani, nalo likakienea vizuri.

Shauri lilipelekwa kwa Kaisari Konstantino. Maaskofu waliokutana Roma mwaka 313, na Arles mwaka 314, walimthibitisha Caecilian. Nao uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba Felix hakuwa na hatia. Mkutano wa Arles uliamua mambo mawili yaliyo mazito. Kwanza, mtumishi aliyethibitika kwa kumbukumbu za serikali kwamba alikabidhi Maandiko aondolewe kazini. Pili, wale aliokwisha kuwawekea mikono wabaki katika huduma yao. Nidhamu ilidumishwa, lakini waumini hawakubebeshwa dhambi ya mchungaji.

Wadonato hawakukubali. Waliendelea kuwabatiza upya wote waliotoka upande wa pili. Katika miji mingi kulikuwa na maaskofu wawili, na jamaa moja ikagawanyika kati ya altare mbili, ingawa pande zote zilisoma Biblia ile ile.

Augustino, askofu wa Hippo, ndiye aliyewajibu kwa kina. Alifundisha kwamba Ubatizo ni mali ya Kristo, na mchungaji ni mtumishi tu anayeutoa kwa niaba yake. Aliwakumbusha mfano wa ngano na magugu katika Mathayo 13. Wadonato wakamjibu kwamba Bwana mwenyewe alisema shamba ni ulimwengu, si Kanisa. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walitamani Kanisa takatifu. Kosa lao lilikuwa kuutafuta utakatifu huo katika mikono ya wanadamu.

Mwaka 411 maaskofu wapatao 280 kwa kila upande walikutana Karthago. Mwakilishi wa Kaisari aliamua dhidi ya Wadonato, na mwaka uliofuata sheria iliwatoza faini na kuwanyang'anya makanisa. Augustino, ambaye hapo awali alipinga matumizi ya nguvu, alikuja kuyatetea kwa maneno ya Luka 14:23. Hapo yatupasa kusema wazi: aliyekuwa na hoja njema alikubali silaha mbaya. Faini iliweza kumleta mtu kanisani, lakini haikuweza kumpatanisha na jirani yake. Augustino alifariki mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake, na kovu la farakano lilikuwa bado halijapona.

Baba zetu wa matengenezo walilikumbuka shauri hili. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 8, linawataja Wadonato kwa jina, na kufundisha kwamba Sakramenti zina nguvu kwa sababu ya agizo la Kristo, hata zikitolewa na watu waovu.

Fundisho hili si kibali cha mchungaji kuishi apendavyo. Arles iliwaondoa kazini waliothibitika kuwa na hatia. Bali ni faraja kwa mshiriki ambaye leo aambiwa kwamba sharti abatizwe tena kwa kuwa aliyembatiza alianguka. Kitabu cha ubatizo cha usharika wowote wenye umri wa karne moja kina majina ya watumishi wengi, na si wote waliomaliza mwendo vizuri. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyembatiza mtu kwa jina lake mwenyewe. Jina lililotajwa juu ya maji yale ni la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, nalo halikuanguka kamwe.