Cha Kuundia na Cha Kuendeshea

Binadamu amezoea kuchanganya mambo mawili: mahitaji ya kukiunda kitu, na mahitaji ya kukifanya kidumu katika kazi baada ya kuundwa. Sisi wa Dodoma somo hili tulilipata Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale Mpango wa Karanga. Matrekta yaliletwa, mengi yakiwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, na vichaka vikaanza kung'olewa. Lakini karanga haiishi kwa trekta. Huishi kwa mvua, na huvunwa katika udongo ulio laini. Mvua za Ugogo ni za kubahatisha, na udongo wa Kongwa ukikauka hukaza kama saruji. Mwaka 1951 mpango uliachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea.

Naikumbuka Kongwa kila nisikiapo habari za programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo maandishi ya mtunzi huachwa wazi ili kila mtu ayasome, ayarekebishe na kuyagawa. Ili programu iundwe, hapana budi ziwepo zana za kugeuza maandishi hayo yawe maagizo ya mashine. Kazi hiyo ikiisha, mtumiaji hana haja na zana hizo. Lakini ili programu iendeshwe, huhitaji vipande vya programu nyingine, viitwavyo maktaba, viwemo ndani ya kompyuta ya mtumiaji siku zote. Mtunzi anavyo tayari kwenye mashine yake, na kwa sababu hiyo ni rahisi asahau kwamba anavitegemea.

Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ulishughulikia jambo hili kwa uangalifu. Kila kifurushi cha programu kilibeba orodha ya vifurushi vingine kinavyovihitaji ili kifanye kazi. Mahitaji ya kuundia yakaja kuandikwa katika orodha yake ya pekee. Debian 2.1 ya mwaka 1999 ilikuja na APT, programu inayoisoma orodha na kuvileta yenyewe vilivyopungua.

Kuvileta kutoka wapi? Hapo ndipo penye shida yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, nasi walimu tulifurahi sana. Hata hiyo ilikuwa na baadhi ya kazi zisizowezekana bila Java kuwemo katika kompyuta. Mtu wa mjini angeipata kwa intaneti. Katika chuo kimoja cha ualimu nilichokifahamu, kompyuta za msaada zilikaa muhula mzima chini ya vitambaa kwa sababu CD iliyokuja nazo ilikuwa na programu bila maktaba zake. Wanachuo wa mwaka ule waliondoka kwenda kufundisha pasipo kuigusa kompyuta.

Msomaji atauliza: kwa nini kila programu isibebe kila kitu chake? Jambo hili lina pande mbili. Maktaba ya pamoja ni kama kisima cha kijiji: kikisafishwa mara moja, wote hunywa maji safi. Kila mtu akiwa na mtungi wake ndani, hamtegemei jirani, lakini maji yakiharibika itabidi kupita nyumba kwa nyumba. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro kubwa ya usalama katika Log4j, maktaba huria iliyofungiwa ndani ya programu nyingi za Java. Wengi walihangaika kuitafuta, kwani hawakujua hata kwamba wanayo.

Kwa maoni yangu, atumaye programu mahali pasipo na intaneti na abebe maktaba zote pamoja nayo, lakini aziorodheshe kwa majina na matoleo yake ili ziweze kurekebishwa. Tena, kabla ya kuituma, aijaribu katika kompyuta tupu, ambayo haikutumika kuiundia. Ikikataa kufanya kazi pale mbele yake, ataongeza kilichopungua. Ikikataa Mpwapwa au Kondoa, mwalimu aliyeipokea hana la kufanya.